Ni Nani Atakayehamisha?

Sentensi iliyonishinda ilikuwa na maneno kumi na manne tu. Ilikuwa kwenye ukurasa wa sita wa andiko la kurasa ishirini na mbili, mpango wa komini moja iliyoko kando ya Ziwa Tanganyika, nayo ilisema hivi: « Il sera procédé à la délocalisation des ménages installés dans la zone non aedificandi. » Nilikuwa nimeombwa kuutafsiri mpango huo kwa Kiswahili wakati wa likizo kuu ya 2024, baada ya ziwa kuingia katika nyumba za watu. Kurasa tano za mwanzo nilizimaliza kwa siku mbili. Ukurasa wa sita ulinikalisha siku nne.

Jina la komini sitalitaja. Walionipa kazi ile walikuwa na nia njema, na kasoro nitakazozisema haziko kwao peke yao. Nikiri pia jambo moja mapema, msomaji asije akasema nimemficha: nyumba ya nkambo wangu, mama mzaa mama, imo ndani ya eneo linalotajwa na sentensi ile. (Wenzetu wa pwani wangesema bibi yangu, kwetu bibi ni mke wa mtu.) Kwa hiyo nilikuwa natafsiri maneno yatakayomtoa nkambo nyumbani kwake, na sikuweza kuyapita haraka kama mtu anayetafsiri maelekezo ya dawa ya meno.

Tuanze na maji yenyewe. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, unaoanzia Kalemie na kuelekea mto Kongo. Tena sehemu kubwa ya maji yanayopotea haipiti hata kwenye mlango huo, bali inapaa kwa jua. Mvua zikizidi miaka miwili mitatu, kama zilivyozidi tangu mwisho wa 2019, ziwa linapanda polepole na linakawia kushuka. Lilipanda 2020 na 2021, likapanda tena 2024 mpaka kukaribia kiwango cha 1964 ambacho wazee bado wanakikumbuka. Bujumbura na Kigoma waliyaona maji hayohayo. Milimani hali ni nyingine, ya ghafula: katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Alhamisi 4 Mei 2023, siku ya soko huko Nyamukubi, maji na mawe vilishuka juu ya Nyamukubi na Bushushu, katika territoire ya Kalehe, usultani wa Buhavu. Waliokufa walipita 400.

Sitasema kwamba kila tope ni kazi ya moshi wa viwanda vya mbali. Watafiti wa kimataifa waliojaribu kupima sehemu ya mabadiliko ya tabianchi katika maafa ya Kalehe walikwama, kwa sababu vipimo vya mvua katika eneo lile ni vichache mno. Vilima vilivyofyekwa na nyumba zilizojengwa mdomoni mwa mito vina sehemu yao. Lakini iwe sababu ni moja au ni tatu, anayesimama mbele ya maji wa kwanza ni yuleyule: shefu wa kata, bourgmestre, mwami na baraza lake. Waziri hayuko pale. Katiba ya 2006 inaihesabu miji, komini, sekta na usultani kuwa vyombo vyenye mamlaka yake, na sheria ya 7 Oktoba 2008 inaeleza mamlaka hayo: mifereji, njia ndogo, masoko, usafi, na kupanga maendeleo ya mahali. Taifa lina mpango wake wa kukabiliana na tabianchi, wa miaka 2022 hadi 2026. Mpango wa taifa, hata uwe mzuri namna gani, hauzibui mfereji wa avenue fulani. Anayezibua ni komini, au hakuna anayezibua.

Sasa nirudi kwenye sentensi yangu.

Rasimu ya kwanza niliandika hivi: “Kutafanyika uhamishaji wa kaya zilizoko katika maeneo yasiyojengwa.” Niliona ni Kiswahili safi. Kina upatanisho wake wa ngeli, na kina “kaya”, neno nililolitoa katika kamusi kwa furaha. Katibu wa komini naye alikisifu, akapanga nikisome mbele ya wakaaji, Jumamosi moja, katika ukumbi wa kanisa. Walikuja watu kama sitini, mama zetu wengi, wavuvi wachache, na vijana waliokaa karibu na mlango ili waondoke haraka.

Nilianza na kichwa cha habari, “Mabadiliko ya tabianchi katika komini yetu”. Mama mmoja anayeuza ndakala akanyosha mkono kabla sijafika mstari wa pili.

“Tabia ya inchi tunaijua. Kama inabadilika, Mungu asifiwe.”

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilicheka, lakini nilikuwa nimekwisha kushindwa. Neno “tabianchi” limekubalika Tanzania na Kenya na sina ugomvi nalo. Nimelitumia hapo juu na nitalitumia tena. Pale ukumbini halikuwa neno bado. Lilikuwa maneno mawili yaliyobanana, na kwa mtu aliyesimama kwenye kizuizi cha barabarani akiombwa pesa, tabia ya nchi ina maana moja inayoeleweka sana. Nikauliza: ninyi munasemaje? Hawakunipa nomino. Walisema: mvua haifuati tena miezi yake. Walisema: ziwa linakuja na halirudi. Mimi nilikuwa nimewaletea jina la jambo, wao walikuwa na sentensi nzima, yenye kiima na kitenzi.

Kisha nikafika ukurasa wa sita. Nilisoma sentensi yangu safi. Palikuwa kimya, halafu mzee mmoja, mvuvi, akaniuliza kwa upole kabisa:

“Yasiyojengwa? Mwanangu, na hizi nyumba zetu ni nini?”

Wenzangu wa sarufi mtaona kosa langu mara moja. Kirejeshi kikanushi hakina wakati wala hakina katazo. “Maeneo yasiyojengwa” ni maeneo ambayo hayana majengo, basi. Kilatini cha mahakama, aedificandi, kina katazo ndani yake, na Kifaransa cha ofisi kimekiazima kizima bila kukigusa. Nikajisahihisha palepale: “maeneo yaliyokatazwa kujengwa”. Sarufi ikatengenea, ukumbi ukaharibika.

“Yalikatazwa na nani?”

“Na lini? Mbele ya kupewa hati ama nyuma?”

Maana wengi pale wana hati zenye mihuri. Walilipia viwanja vyao, walilipia vipimo, walilipia na chai ya wapimaji. Kauli ya kutendwa katika lugha yetu ina mlango wazi mwishoni, ule unaoingiza “na” ya mtenda, na msikilizaji yeyote anajua kwamba mlango ule upo. Anasubiri uingize mtu. Usipomwingiza, anakuuliza yuko wapi.

Swali la tatu ndilo lililonikalisha siku zile nne. Kijana mmoja wa pale mlangoni, ambaye nilidhani ameshaondoka, alisema: “Atahamisha nani?” Tazama uzuri wa swali hilo. Kwa Kiswahili linaweza kuwa “ni nani atakayehamisha” na linaweza kuwa “atamhamisha nani”. Hayo yote mawili ndiyo mambo ambayo sentensi ya Kifaransa haikuwa imeyaamua. Katibu alisimama akajibu: komini. Kwa gari gani? Basi, serikali ya jimbo. Itatupeleka wapi? Kuna wafadhili. Wamesema? Bado. Katibu akakaa, akachukua karatasi yake ya Kifaransa, akaisoma tena polepole, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Nadhani ndivyo ilivyokuwa.

Baadaye, nje, akaniambia neno ambalo sijalisahau: “Binti, kwa Kifaransa ilikuwa inapita vizuri.”

Kwa sababu ya neno hilo naandika makala haya. Katika kitivo chetu tumezoea kuitetea lugha yetu kwa hoja mbili. Ya kwanza ni ya heshima: Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, kifungu cha kwanza cha Katiba kinaitaka Serikali iziendeleze bila ubaguzi, basi tupewe haki yetu. Ya pili ni ya huruma: raia wa kawaida hajui Kifaransa, basi tumtafsirie apate kuelewa. Hoja zote mbili ni kweli, na zote mbili zinaiweka lugha yetu mwisho wa kazi. Watu wakubwa wanafikiri kwanza, kisha anaitwa mwanafunzi wa lugha za Kiafrika ashushe mawazo yao mpaka kwenye kata. Nilichokiona ukumbini ni kwamba hapakuwa na wazo la kushusha. Ukurasa wa sita ulikuwa tupu, na Kifaransa cha utawala kilikuwa kimeufunika vizuri. Kuusema kwa Kiswahili mbele ya watu wanaoruhusiwa kuuliza ndiko kulikoonyesha utupu wake. Kwa hiyo nasema mpango wa komini kuhusu maji, mvua na nyumba za watu usemwe kwanza kwa lugha ya kata, ubishaniwe katika lugha hiyo, na kile kitakachobaki ndicho kiandikwe kwa Kifaransa na kupigwa muhuri.

Sitaki kuifanya sarufi kuwa dawa. Ile “Kutafanyika uhamishaji” si katibu aliyeiandika. Niliiandika mimi, kwa Kiswahili, na inaficha mtenda sawasawa na “il sera procédé”. Ukitaka kuona Kiswahili kinavyoweza kuficha, soma barua yoyote ya ofisi yenye “utekelezaji wa uimarishaji wa mikakati”. Unominishaji ni bidhaa ya kila ofisi duniani, na sisi tunaosoma Kiswahili kwa vitabu tunaupenda kwa sababu unatufanya tusikike wasomi. Kilichofanya kazi pale ukumbini ni lugha ikiwa mdomoni, katika mkutano ambamo muuza ndakala anaweza kumkatiza msomi. Mpango wa Kiswahili ulioandikwa ofisini na kubandikwa ukutani ungekuwa na utupu uleule, ila kwa herufi tunazozipenda.

Na Kiswahili chenyewe si cha wote. Kando ya ziwa letu kuna akina mama wazee wanaofikiri kwa Kibembe, Kivira, Kitabwa au Kifuliiru, na kwao Kiswahili ni ngazi nyingine ya kupanda, fupi tu kuliko ya Kifaransa. Mkutano ule ulikuwa na watu wawili waliowanong'oneza mama zao kila sentensi. Ningependa mtu wa idara yetu awe amekaa karibu nao akiandika walichokuwa wakinong'ona. Naamini tafsiri nzuri kuliko zote siku ile ilikuwa hiyo, na imepotea.

Jambo lililonishangaza zaidi lilitokea baada ya mabishano. Nilipouliza tu, ili kutuliza hewa, maji ya zamani yalifika wapi, wazee waligeuka kuwa watu wengine. Mmoja akasema mwaka ule wa sitini na nne yalisimama kwenye mwembe wa misheni. Mwingine akakataa: yalipita mwembe kwa upande wa bonde, yakaingia mbali sana ndani, lakini kwa upande wa pili, penye mwamba, hayakuvuka hata njia ya wavuvi. Walibishana nusu saa, wakakubaliana juu ya alama tatu. Hakuna hata moja iliyokuwa kwenye mpango. Ramani ya mpango ilikuwa na mstari mwekundu uliokwenda kwa umbali uleule kutoka ufukweni, kila mahali, kana kwamba ardhi ni meza. Kwa mstari huo, nyumba kadhaa za penye mwamba zingevunjwa bure, na nyumba za bondeni, zile ambazo maji yanazijua njia, zingebaki nje ya eneo la hatari.

Nkambo alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano wakati wa maji yale. Hakuja mkutanoni kwa sababu ya miguu, lakini usiku nilipomwuliza alinitajia mwembe uleule na bonde lilelile. Hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kumwuliza. Wangemwuliza kwa lugha gani? Waraka uliopita barazani kwake ulikuwa wa Kifaransa, na ulikuja na kijana mwenye rangi nyekundu aliyechora msalaba ukutani. Nkambo alidhani ni alama ya chanjo.

Hapa ndipo napingana na wale wanaosema kwamba habari za tabianchi zinahitaji lugha ya sayansi na lugha yetu haina maneno. Maneno yanapatikana, kila lugha yenye sayansi iliyapata kwa kuazima au kwa kuunda, na tutaunda. Hasara kubwa iko upande wa pili. Komini inayopanga kwa lugha ambayo wazee wake hawaisemi haiwezi kupokea wanachokijua. Sisi tunalalamika kwamba vipimo vya mvua ni vichache, na ni vichache kweli, lakini kwenye kata ile kulikuwa na kipimo cha miaka sitini kimesimama misheni kikizaa maembe.

Nimesikia upinzani mwingine, wa mwalimu wangu mmoja ninayemheshimu sana, na sikuweza kumjibu siku ile. Alisema: ukiwaonyesha watu kwamba mpango hauna mtenda, umewapa hasira, hujawapa nyumba. Komini haina pesa. Sheria inaipa majimbo haki ya asilimia 40 ya mapato ya taifa, na katika sehemu hiyo ya majimbo asilimia 40 ni ya miji, komini, sekta na usultani. Ni nani asiyejua kwamba pesa hizo hazifiki kama zilivyoandikwa? Komini zenye migodi zina angalau asilimia 15 ya mrabaha wa madini tangu sheria ya 2018. Komini ya ziwa haina kobalti, ina ndakala. Basi katibu yule afanye nini? Sentensi yake isiyo na mtenda ni adabu ya maskini: anasema kitu kizuri kwa sababu hana cha kufanya.

Nimelifikiria neno la mwalimu mwaka mzima. Jibu langu sasa ni kwamba adabu ile ina bei, na bei inalipwa na walio karibu na maji. Mtu akiambiwa na karatasi kwamba “kutafanyika uhamishaji”, anangoja. Hajengi upya mahali pengine, hatafuti ndugu wa kumpokea, hauzi mabati yakiwa bado mazima, kwa sababu serikali imesema jambo litafanyika. Au hangoji kabisa, maana ameshaacha kusadiki karatasi zote, na siku karatasi itakapokuwa ya kweli hatainua macho. Laiti komini ingesema: “Komini haiwezi kuwahamisha. Haina gari, haina viwanja, haina pesa.” Ni sentensi ya aibu kuitamka, lakini ina kiima, na mtu anaweza kuijengea maamuzi.

Tena, baada ya kuisema, yanabaki mambo ambayo komini maskini inaweza kufanya, na mpango wa kurasa ishirini na mbili ulikuwa umeyasahau kwa sababu ni madogo. Inaweza kukataa kuweka saini kwenye kiwanja kipya hata kimoja bondeni, na kusoma majina ya viwanja vilivyokataliwa mbele ya watu. Inaweza kuzibua mifereji kabla ya mvua za Septemba badala ya baada ya maafa. Inaweza kumtafuta mtu anayekaa juu mlimani, kumpa simu na vocha, na kukubaliana naye ni nani atakayempigia mto ukipanda usiku, na yule wa pili atapiga kengele gani. Mpango ulisema « un système d'alerte précoce sera mis en place ». Nilipousoma kwa Kiswahili, mama mmoja aliuliza kama kengele ya kanisa na kipaza sauti cha msikiti havitoshi. Vinatosha, kwa mwanzo. Kinachokosekana ni jina la mtu atakayeamka.

Tangu 20 Desemba 2023 kuna pia jambo jipya. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu sheria ile ya 2008, raia walichagua washauri wa komini (jirani zetu wa Tanzania wangewaita madiwani), ingawa katika miji mikuu ya majimbo tu. Kwingine bado wanatawala wateule. Mshauri aliyechaguliwa aliomba kura kwa Kiswahili. Sijasikia hata mmoja aliyesimama juu ya meza sokoni akasema « il sera procédé ». Kwa nini basi akiingia barazani abadilishe lugha? Sheria haimkatazi kujadili kwa lugha ya taifa, na kumbukumbu za kikao zinaweza kuandikwa kwa lugha mbili. Wakati wa kudai jambo hili ni sasa, mazoea yakiwa bado laini.

Na sisi? Katika idara yetu tunaandika mémoire nzuri juu ya ngeli, juu ya vinyambulisho vya kitenzi, juu ya Kiswahili cha masoko ya Lubumbashi. Yangu ni juu ya kauli ya kutendwa, na kabla ya likizo ile nilikuwa na mifano mia mbili, yote kutoka riwaya. Sikuwa na hata mmoja kutoka kwenye tangazo la komini, mahali ambapo kauli ya kutendwa inaamua nani atavunjiwa nyumba. Naomba walimu wetu wafikirie hili: kila likizo kuu wanafunzi wawili watatu wachukue mpango au tangazo la komini, sekta au usultani wanakotoka, waliseme kwa lugha ya mahali mbele ya watu wa mahali, na warudi na maswali waliyoulizwa. Maswali hayo yahesabiwe kama kazi ya vitendo na yapewe alama. Wasirudi na tafsiri safi. Nimeshaandika moja, na nimesema ilivyokwisha.

Katibu alitaka kazi yake imalizike, naye alikuwa na haki. Mwisho wa siku zile nne nilimpa ukurasa wa sita ukiwa na nafasi tupu saba. Niliandika: “_____ atawahamisha watu wa _____ kabla ya tarehe _____, kwa pesa za _____, mpaka _____.” Chini yake: “Mfereji wa bondeni utazibuliwa na _____ kabla ya tarehe _____.” Alinitazama kama mtu aliyeletewa shati lisilo na mikono. Akaniomba nijaze. Nikamwambia mtafsiri hana ruhusa ya kujaza.

Alinipigia simu mwezi wa Oktoba, nikiwa nimesharudi chuoni. Nafasi mbili za chini zilikuwa zimejazwa: shefu wa kata pamoja na vijana wa avenue mbili, kabla ya 15 Septemba, na walikuwa wamefanya. Mama muuza ndakala alikuwa amewasimamia kwa kelele zake. Zile tano za juu bado ni tupu, na katibu amekubali zibandikwe hivyo ukutani, kwa Kiswahili, ili kila anayepita aone kilichopo na kisichopo. Nkambo anasema hahami, kaburi la mume wake liko pale. Lakini amemtuma mjukuu mwingine akapige rangi nyeupe juu ya mzizi wa mwembe wa misheni, mahali ambapo maji yalisimama.